Nyani wa Upande wa Mama

Mimi huuza vitabu vya mitumba mjini Nakuru, kwenye meza iliyo kando ya ukuta wa kanisa, na kama kuna jambo kazi hiyo imenifundisha ni kwamba mzazi wa Kenya hanunui kitabu cha mtoto bila kuuliza swali moja. Anakishika, anakifungua, anaona picha ya twiga, anatabasamu peke yake. Halafu anakumbuka yeye ni mzazi na uso unakunjamana. "Hii iko kwa silabasi?" Nikisema haiko, anakirudisha mezani upesi kama kimemchoma vidole.

Hivyo ndivyo vitabu vya watu wanaochunguza wanyama wa porini vilivyoishia nyumbani kwangu. Huja ndani ya marobota pamoja na vitabu vya mapishi na vya kupunguza tumbo. Vina jalada gumu, karatasi nzito, na picha zinazoshinda za kalenda. Wateja wakiadimika huwa navisoma, na baada ya vichache niligundua kwamba hadithi ni ileile. Kulikuwa na mtoto aliyependa kukaa peke yake akitazama wadudu. Watu wakamcheka. Akakua, akavaa kaptura ya kaki, akaenda kukaa nyasini miaka mingi mpaka wanyama wakamzoea. Mmoja ni wa fisi, mwingine wa popo, mwingine wa mchwa, na mmoja, mwanamke mwenye kofia pana, ni wa nyani. Maswali yalinijaa. Huyu mama akishinda na nyani tangu asubuhi, nani anampikia? Mamake anasemaje? Hana watu? Kitabu hakisemi. Kinasema tu alikuwa mvumilivu.

Binti yangu hakuwa na maswali kama hayo. Yuko gredi ya nne, na siku nilipomletea kile cha mama wa nyani alikichukua akaenda nacho kitandani, na tangu hapo mimi nikawa simwelewi mtoto wangu. Sisemi hivyo kwa mzaha. Tunaishi wawili tu, nyumba ya vyumba viwili, na nilidhani namjua huyu mtoto kuliko ninavyoujua mfuko wa aproni yangu. Kumbe wapi.

Mtaa wetu uko karibu na ua wa mbuga. Ua una stima ya kuzuia wanyama, lakini nyani walisoma hiyo stima zamani wakafaulu mtihani. Huja asubuhi, kundi zima, wakipita juu ya mabati kwa kishindo. Wanajua siku ya takataka kuliko sisi tunaolipia. Wameshabeba mkate, wameshabeba unga, na siku moja walibeba sufuria ya githeri ya jirani yangu, mahindi na maharagwe, ikiwa na kifuniko chake. Kwa hiyo watu wa mtaani wana mawe yaliyowekwa tayari mlangoni, na hakuna anayewaangalia nyani isipokuwa kwa kulenga.

Binti yangu akaanza kuwaangalia. Alikaa kwenye ngazi, ndani ya grili, mikono magotini, mdomo umefungwa, kama yule mama wa kofia. Nilimwacha. Niliona heri nyani kuliko televisheni.

Jumamosi moja nilikuwa nakata sukuma wiki alipoingia jikoni.

"Mum, kitabu kinasema huwezi kumsoma mnyama kama hujamjua kwa sura, na ukishamjua unampa jina. Sasa jina unatoa wapi?"

"Unatoa kwa watu wake," nikasema bila kuinua macho. "Kwani wewe lako lilitoka wapi? Si kwa shosho?"

Na kwa kuwa mdomo wangu ukianza hauna breki, nikaendelea. Nikamweleza kwamba kwetu jina halichaguliwi kwa utamu. Kijana wa kwanza ni wa babake baba. Wa pili, babake mama. Msichana wa kwanza ni wa mamake baba, wa pili ndiye wa mamake mama. Ni foleni, nikamwambia, na hakuna kuruka foleni. Nilimsomea yote kama jedwali la hesabu, na nilinyamaza tu niliposikia masikio yangu yenyewe yakishangaa ninayosema.

Maana binti yangu ni wa kwanza, tena wa pekee, na ana jina la mamangu, huyo bibi anayemwita shosho. Ndiyo sababu mimi humwita "mami," kama watu wetu wanavyomwita mtoto aliyebeba jina la mama yao. Mtu yeyote wa kwetu akijua hilo jina ni la upande gani, haulizi tena. Amekwisha kuelewa kwamba huyu mama hakuolewa, na foleni ilianzia upande wake kwa sababu upande ule mwingine haukuwahi kuja kujitambulisha. Nilikuwa nimejipalia makaa kwa mikono yangu, sukuma wiki mkononi.

Nilimtazama. Alikuwa akitazama dirishani, akifikiri.

"Hiyo haiwezi kufanya kazi kwa nyani," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba hajulikani. Kitabu kinasema madume huenda. Akikua anatoka, anaenda kundi lingine. Wamama ndio hubaki na watoto wao."

"Basi yatoke upande wa mama," nikasema.

"Kama mimi."

"Kama wewe."

"Sawa," akasema, akatoka akirukaruka kama mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu.

Nilibaki nimesimama na kisu. Sikujua kama kuna jambo limetokea au halijatokea. Kuhusu babake nilikuwa nimempa mtoto neno moja tu maishani mwake. Alipouliza akiwa mdogo nilimwambia, "Alienda." Halikuwa uongo. Alienda kweli, mtoto akiwa hajaanza kutambaa. Alienda kuishi upande wa Longonot na mwanamke mwenye boma lake na watoto wake wakubwa, akahamia yeye badala ya kumhamisha mwanamke. Kwetu mwanamume wa hivyo huchekwa. Walinicheka mimi kidogo kwa kuachwa, na wakamcheka yeye sana. "Huyo amekaliwa chapati," walisema pale sokoni, yaani ametiliwa dawa chakulani mpaka mwanamke anamtawala, na nitasema wazi kwamba hicho kicheko kilinishibisha wakati mambo mengine yalikuwa hayanishibishi.

Basi nikaanza kungoja swali. Nilijua linakuja. Mtoto hawezi kuambiwa waziwazi kwamba hana upande wa baba halafu akaenda kucheza. Nilitayarisha jibu nikiwa mezani kwangu, nikiwa naoga, nikiwa kanisani wakati wa matangazo. Lilikuwa jibu zuri. Lilisema si kosa lako. Lilisema mama yako anatosha. Lilikuwa na mahali pa kulia na mahali pa kukumbatiana.

Swali halikuja. Yalikuja majina ya nyani.

Jike mzee kuliko wote, mwenye sikio lililochanika, akapewa jina la mamangu. Binti ya huyo mzee akapewa jina langu. Na kitoto cha huyo wa kati, kilichokuwa bado kinaning'inia tumboni kwa mamake, kikapewa jina la binti yangu, yaani lilelile la bibi yake, kama foleni inavyotaka. Nikatambua kwamba juu ya mabati ya mtaa wetu kulikuwa na ukoo wangu mzima ukitafuta chawa.

"Huyo wa kati ana tabia gani?" nikauliza, nikijifanya sijali.

"Anapiga kila mtu makofi," akasema. "Halafu anamkumbatia."

Nilikaa na hilo siku nzima na sikuamua kama nimetukanwa.

Lakini kulikuwa na mwingine. Dume, mkubwa, kifua kama gunia, aliyeonekana ghafla akikaa juu ya ukuta wa kioski cha maji. Hakuja na kundi na hakuondoka nalo. Nilimwuliza binti yangu huyo anaitwa nani.

"Huyo sina jina lake," akasema. "Ametoka kwingine."

Nikasema moyoni, ndilo hili, swali limefika. Nikavuta stuli, nikakaa, nikajiandaa. Yeye akaniomba maji ya kunywa, akanywa, akarudi kwenye ngazi.

Kuanzia hapo kundi lote, pamoja na ukoo wetu, likawa halimhusu tena. Ilikuwa ni yule wa ukutani tu. Nikirudi jioni napewa ripoti kabla sijavua viatu. "Leo alisogea." "Leo wamemfukuza." "Leo yule wa kati alimwangalia kidogo." Mimi najibu "mm," nikiinama kufungua viatu. Nilimnunulia darubini ya mitumba, yenye jicho moja lililoziba, nikidhani anataka kuwa kama wale wa vitabuni. Aliitumia kumtazama dume huyohuyo aliyekuwa karibu naye kiasi cha kumtupia ndizi. Nilimwuliza mwalimu wake kama kuna shida. Mwalimu akacheka. "Mama, wewe furahi. Huyo atakuwa mwanasayansi." Nilirudi nyumbani na lile neno, mwanasayansi, nikajaribu kumvisha mtoto wangu, halikumtosha. Mwanasayansi ana udadisi. Huyu alikuwa na wasiwasi. Alikula akiwa na wasiwasi, alifanya homuwaka ya shule akiwa na wasiwasi, na mvua ikinyesha aliinuka kwenda dirishani kuangalia kama yule nyani amepata pa kujikinga.

Jirani wa githeri alinisimamisha getini.

"Mama yake, huyo mtoto wako ananikataza kurusha mawe. Ati huyo nyani ni mgeni. Mgeni! Mgeni gani anaingia kwa watu na kuchukua unga?"

Nikasema nitaongea naye. Moyoni nilikuwa nasema nyani haoni kundule, maana pipa la takataka lisilofunikwa hapo mtaani ni lake.

Shule zilipofungwa tukaenda Mau Narok kwa mamangu, wakati wa kuvuna viazi. Nilienda na hofu nyingine juu ya ile ya kwanza. Mamangu ni mtu wa kanisa, mkubwa wa kina mama, na jina lake analichunga kama anavyochunga blanketi lake la Jumapili. Nilimwonya binti yangu asimwambie shosho habari ya nyani. Hata chai haikuwa imepoa.

"Shosho, kuna nyani nimemwita wewe."

Mamangu akaweka kikombe chini. Humjibu mjukuu wake kwa Kiswahili chake cha shambani, kizito, kila neno likija na udongo wake. "Umeniita mimi nyani?"

"Hapana. Nyani ndiye nimemwita wewe."

Mamangu akalitafakari hilo. Mimi nilikuwa nikiangalia mlango. "Ni mzee?"

"Ndiyo."

"Wenzake wanamheshimu?"

"Akitaka kukaa mahali, hata madume humpisha."

"Basi afadhali huyo," mamangu akasema, akachukua kikombe chake. "Mimi hapa hata ng'ombe hanipishi."

Nikashukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Tukatoka kwenda shambani, baridi ya Mau ikituuma masikio. Mamangu alitangulia na jembe, binti yangu akiokota viazi nyuma yake na kuvipangusa, mimi nikijaza gunia. Halafu binti yangu akainuka.

"Shosho, huku nyani wako?"

"Wako wa msituni. Wananing'olea hivi viazi."

"Ulishaona dume mgeni akija kwa kundi? Huwa wanampokea?"

Mamangu hakuona ajabu kuulizwa hivyo. Alifikiri kama mtu anayeulizwa bei ya mbolea. "Nimewaona. Anakaa pale kwa mti, peke yake. Wenzake wakila, yeye anaangalia. Akisogea wanamkimbiza, anarudi kwa mti. Mwingine hukaa hivyo mpaka wakamzoea. Mwingine sijui huishia wapi, siku moja unaona hayuko."

Binti yangu alikuwa na kiazi mkononi. Alikipangusa mpaka kikang'aa, kisha akanigeukia mimi.

"Na baba? Kule alienda, walimpokea?"

Nilifungua mdomo nitoe lile jibu langu zuri. Nililitafuta. Si kosa lako. Mama anatosha. Kila kipande nilichokishika hakikuwa na uhusiano na alichouliza. Hakuwa ameuliza kwa nini aliondoka. Hakuuliza kama alitupenda. Yeye alikuwa amesoma kitabuni kwamba madume huenda, na mimi nilikuwa nimemwambia alienda, akaunganisha, na kwake habari hiyo haikuwa na kidonda chochote. Babake alikuwa ameenda kama mvua inavyoenda. Kilichokuwa kimebaki, kilichomnyima raha wiki zote hizo kwenye ngazi, ni kama mtu wake alipata mahali pa kukaa.

"Sijui," nikasema.

"Hukuangalia?"

Hakuwa na ubaya hata kidogo. Aliniuliza kama unavyomwuliza mtu kama alikumbuka kuzima jiko. Nilimtazama mamangu anisaidie, yeye ambaye kwa habari ya mwanamume huyo hajawahi kupungukiwa na maneno, nikaona ameinamia viazi.

Nilichanganyikiwa pale, na sehemu ya mchanganyiko huo ninayo mpaka leo. Nimwambie watu si nyani? Nimwambie kwamba baba wa mtu anatakiwa kubaki, na kwamba wake alikosea, na kwamba hilo linauma? Ningekuwa nampa kwa mkono wangu jeraha ambalo hakuwa nalo. Au ninyamaze, akue akiamini wanaume wote huenda na hakuna wa kulaumiwa, na siku moja amfungulie wake mlango atoke bila hata kumwuliza? Hasira zangu za miaka yote zilikuwa zangu kabisa, nilizichuma mwenyewe, nilikuwa na haki nazo. Na mtoto huyu alikuwa amesimama mbele yangu bila hata moja, akingoja jibu la kitu ambacho mimi, katika kumlaani yule mtu asubuhi na jioni, sikuwahi hata mara moja kujiuliza.

"Si una namba yake?" Ni mamangu, bila kuinua kichwa.

"Ninayo."

"Basi mpigie. Mtoto ameuliza."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie alichouliza mtoto."

Kwa mamangu simu hushika mtandao getini tu, ukisimama juu ya jiwe. Nilienda nikapanda hilo jiwe, udongo wa viazi ukichafua kioo cha simu, binti yangu akinifuata nyuma. Nilitumaini haitaingia. Ikaingia. Nilitumaini hatashika. Akashika.

"Haloo?"

"Ni mimi," nikasema. Nilikuwa na matusi ya miaka tisa na hakuna hata moja lililojitokeza. "Mtoto anauliza swali. Anauliza kama huko ulikoenda walikupokea."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake, kisha upepo, kama mtu aliyetoka nje ili asisikiwe ndani. Aliporudi sauti ilikuwa ya chini.

"Ameuliza hivyo?"

"Hivyohivyo."

Nikasikia hatua zake zikizidi kwenda mbali na ule mlango.

"Bado," akasema.

Hilo ndilo neno nililokuwa nimeliombea. Nilipiga magoti kwa ajili yake, nikamwambia Mungu huko aliko asipate hata kiti. Sasa nilikuwa nimepewa, juu ya jiwe, mchana kweupe, na halikuwa na ladha. Nilimwonea huruma, nikajikasirikia kwa kumwonea huruma, na chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine nisichokijua jina. Binti yangu alikuwa akinivuta sweta.

"Mum, amesema nini? Mum. Walimpokea?"

Nikainama, nikampa simu amwulize mwenyewe.